Barua ya Wauza Unga

Bunia ya miaka ile ya kwanza baada ya vita, huku kwetu Ituri, mashariki ya Kongo, ilijaa watu waliojua Kiingereza. Magari meupe ya mashirika yalipoanza kugombania njia na pikipiki kwenye barabara zetu za vumbi jekundu, kila aliyewahi kumbebea mzungu sanduku aligeuka mkalimani, na kila aliyewauzia mayai askari wa kofia za buluu alijiona ameiva kuandika ripoti. Simwonei mtu. Ripoti hizo nilizisoma mwenyewe, kwa sababu zililetwa kwangu, kama majeruhi wanavyoletwa kwa machela.

Nakumbuka moja iliyohusu mjane wa Mambasa. Kiswahili chetu kina "yeye" mmoja tu, na ndani yake mwanamume na mwanamke wanakaa bila ugomvi. Waingereza wamejenga vyumba vitatu: "he" cha mwanamume, "she" cha mwanamke, "it" cha kitu. Mwandishi wa ripoti ile alibisha hodi kwenye chumba chochote kilichokuwa karibu. Mjane akawa "he" kuanzia juu hadi chini. Marehemu mumewe, ambaye pichani alikuwa na ndevu za kufika kifuani, akawa "it". Aliyepata heshima ya "she" alikuwa mbuzi. Nilipomwonyesha mwandishi makosa yake, aliniangalia kama mtu anayesumbuliwa na inzi.

"Prof, weye nawe! Bazungu bataelewa tu."

Wazungu hawakuelewa. Nilisikia baadaye kwamba mjane aliletewa suruali mbili na koti la kiume.

Mimi sikujifunza Kiingereza kwa kuuza mayai. Niliondoka Ituri kwa miguu, kijana mwenye shati moja, nikaingia Uganda, na Kampala nikaosha magari mchana na kukaa darasani jioni, mikono ikinuka sabuni ya unga. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna padri aliyeniandikia barua, hakuna shirika lililonipa hata kalamu. Muhula nilioweza kulipia nilisoma. Muhula nilioshindwa nilisimama nje ya dirisha na kusoma kutokea huko. Nikatoka na diploma ya lugha ya Kiingereza, yenye muhuri na sahihi mbili. Wengine walipokuwa bado wanauliza kama risasi zimelala au zimejificha, mimi nilikuwa nimekwisha rudi. Nilikodi chumba cha bati karibu na soko, nikaweka kompyuta, mashine ya kuchapa na jenereta dogo, nikaitundika diploma yangu ndani ya kioo juu ya meza, mahali ambapo mteja aliiona kabla hajaniona mimi.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha. Kati ya makosa yote niliyosafisha, nililolichukia zaidi lilikuwa hili la viwakilishi. Kiwakilishi ni neno linalokalia kiti cha jina: yeye, wao, hicho, hao. Si vibaya kukalia kiti cha mwenzako, lakini lazima nijue nani alikupisha. Wanafunzi wangu wa jioni niliwafundisha kwamba kiwakilishi kisicho na mwenyewe ni mbuzi aliyepotea sokoni: kila mtu atamdai, na mwisho ataliwa na asiyemfuga. Waliandika maneno hayo kwenye madaftari yao. Wengine, naambiwa, wanayafundisha hadi leo kama yao.

Basi asubuhi moja aliingia mama mmoja aliyekuwa kiongozi wa chama cha wanawake wauza unga wa muhogo. Sokoni walimwita mama prezida. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila alipotaka kusema aliufunga kwanza upya ukanda wa kitenge chake, kama anayepima uzito wa jambo.

"Jambo, Mwalimu. Banasema weye ndiye unatengeneza Kiingereza yenye kuvunjika."

"Wamesema kweli, mama. Kaa."

Alitoa karatasi kifuani. Shirika moja la kigeni lilikuwa linagawa mashine za kusaga kwa vyama vya wanawake, na maombi yalitakiwa kwa Kiingereza, kabla ya Jumatatu. Barua ya kwanza alikuwa ameandikiwa na mmoja wa hao wakalimani wa miwani ya jua, na malipo yalikuwa jogoo. Nilipoisoma nilimhurumia jogoo.

Lakini mama alinieleza kwanza kwa nini mashine ile ilikuwa muhimu, na hilo alilieleza vizuri kuliko barua yoyote. Mjini kulikuwa na mashine za kusaga pande mbili. Kila mwanamke alikwenda kusaga upande ambako watu wake walirudi kukaa baada ya vita; kuvuka kwenda upande mwingine na beseni kichwani bado kulikuwa ni kuangaliwa na milango yote. Yeye alikuwa ametumia miaka miwili kuwakusanya wanawake wa pande zote mbili chini ya kibanda kimoja, barabara ya kwenda Marabo, wauze pamoja. Walikaa kwenye mikeka ileile. Walibebeana watoto. Ila unga ulisagwa kila mmoja kwake.

"Tukipata mashini yetu, tutaiweka mu kibanda, na hakuna mutu atapita kwa mwingine," alisema. "Tukiikosa, mvua ikifika kila moja atauza kule anasagia. Chama itakufa, Mwalimu. Na ikikufa, sitaweza kuikusanya mara ya pili."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amefika kwa mwenyewe. Nikaanza kuisoma karatasi. Fungu la tatu, lile ambalo fomu iliuliza vita viliwaathiri vipi, lilikuwa na "they" tupu: walikuja, walichoma, walichukua, waliondoka. Hakuna jina hata moja juu yake wala chini yake.

"Mama, hawa ni nani?"

"Bale."

"Wale nani?"

"Bale balikuya."

"Waliokuja wana jina."

Aliangalia mlango, kisha dirisha, ingawa nje kulikuwa na jenereta langu tu. "Mwalimu, weye ni mutoto wa hapa. Unajua."

"Mimi najua. Karatasi haijui. Na mzungu atakayeisoma hajui."

"Basi abakie bila kujua. Inamupunguza nini?"

Ndivyo walivyokuwa wakisema, mji mzima. Sokoni hukusikia jina la kabila. Ulisikia upande wa huku, upande wa kule, na zaidi ya yote ulisikia bale, yaani wale, wanaotajwa huku macho yakiangalia chini. Mwanamke aliweza kumuuzia mwenzake chumvi mwaka mzima, wote wawili wakijua nyumba ya nani iliungua na nani alikuwa na panga, na bado mdomoni likawa neno hilohilo moja. Mimi niliuita woga. Nilisema moyoni kwamba hii ndiyo sababu nchi haisongi mbele: watu wazima hawawezi kumaliza sentensi.

Nikampa mama somo langu la mbuzi aliyepotea. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Andika vile unajua," alisema akisimama. "Lakini itasomwa mbele ya ba mama bote kabla batie kidole ya wino."

"Isomwe hata mbele ya askofu," nikamjibu.

Niliandika barua ile kwa siku mbili, na nasema bila aibu kwamba ilikuwa barua bora kuliko zote zilizoandikwa Bunia mwaka ule. Kila "she" alikuwa mwanamke. Kila "it" kilikuwa kitu. Na katika fungu la tatu kila "they" alikuwa na mwenyewe: niliandika jina la kabila lililokuja na moto, na jina la kabila lililokimbia, na mtaa uliochomwa. Kioo kisichokuwa na alama ya kidole.

Alhamisi nikaenda kibandani na karatasi zangu ndani ya bahasha. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wamechanganyika, wengine wakinyonyesha, wengine wakimenya muhogo ili mikono isikae bure. Karibu na nguzo alikaa koko mmoja, bibi mzee aliyefanya kazi ya kuchekecha unga. Nilikaribishwa kwa kiti cha plastiki na kelele.

"Bwana Diplome amefika!"

"Mupishe, ataanguka na Kiingereza yote ile!"

Nilipenda jina hilo. Nikaanza kusoma fungu kwa fungu, kwanza kwa Kiingereza ili waone kazi, kisha kwa Kiswahili. Fungu la kwanza, makofi. La pili, makofi na kigelegele kimoja. La tatu nililisoma kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu ndilo lililonitoa jasho. Nikataja kabila la kwanza.

Mama mmoja akasimama. Kisha wengine sita, saba, mmoja mmoja, kimya kabisa. Nikaendelea, nikataja kabila la pili, na waliobaki nao wakaanza kusimama. Kampala tulisimama darasani mkubwa alipoingia. Mimi, mtu mwenye diploma, nilidhani wamesimama kwa heshima. Nikainamisha kichwa kidogo.

"Mwalimu, nyamaza," alisema mama prezida.

Ndipo nilipoelezwa sheria yao. Wakati wa vita watu walitia vidole kwenye orodha za msaada wasizoweza kuzisoma, na orodha nyingine zikaja kuonekana mikononi mwa wanaume wenye bunduki, wakiita majina kutoka juu hadi chini. Kwa hiyo katika chama hiki hakuna karatasi iliyotiwa kidole bila kusomwa mbele ya wote. Asiyekubali fungu hasemi kitu, kwa sababu maneno huleta maneno. Anasimama tu. Akisimama hata mmoja, fungu halipiti. Mimi nilikuwa nimewasimamisha wote.

Wangekaa tena, mambo yangeisha. Lakini wakiwa wamesimama hivyo, waliona kitu ambacho kwa miaka miwili hawakukiangalia: nani amesimama nilipotaja jina gani. Mama mmoja akainama akachukua beseni lake, akalipeleka mwisho wa kibanda. Mwenzake akamfuata. Upande wa pili wakakunja mkeka wao. Hakuna aliyetukana. Walivuta vitu vyao taratibu, kama watu wanaotenganisha nguo zilizofuliwa pamoja, hadi katikati ya kibanda kukabaki uwazi, na ndani yake kiti cha plastiki, na mimi.

"Bwana Diplome," aliita mmoja kutoka kwenye mkeka wa kushoto, "siku ile, weye ulikuwa wapi?"

"Kampala."

"Na hii majina, nani alikupa?"

Nilikuwa nimeyasikia redioni, nikiosha magari. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia kwamba sarufi haihitaji shahidi. Kwa majibu yote niliyowahi kutoa maishani mwangu, hilo ndilo ninalolidharau kuliko yote.

Mama prezida alinisindikiza hadi barabarani. Alifunga ukanda wa kitenge, akaufungua, akaufunga tena.

"Miaka mbili, Mwalimu," alisema. "Weye umetumia robo saa."

Ijumaa sikufungua ofisi. Nilijiambia kwamba nimesalitiwa na ujinga wa watu, kwamba lulu haitupwi zizini, na mengine ya namna hiyo ambayo mtu msomi hujiambia akiwa amelala kifudifudi. Jumamosi mlango ukagongwa. Alikuwa mama prezida, na nyuma yake yule koko wa kuchekecha unga. Koko alikuwa wa upande mwingine, si wa mama prezida. Hilo sikulijua kabla ya Alhamisi. Sasa kila mtu alilijua.

"Bamekatala kukaa pamoja jana," alisema mama prezida. "Leo soko, bameuza mbali mbali. Lakini bamekubali kusikiliza barua mara moja tena. Kesho kiisha misa. Mara moja tu."

Nikawasha jenereta. Nilikuwa na kiburi changu bado, na nilisema waziwazi: barua yenye "wale" wasio na mwenyewe haitatoka kwenye mashine yangu ikiwa na jina langu.

"Jina yako haiko mu barua," alisema mama prezida. "Hakuna mutu aliyeomba."

Tukajaribu. Nikapendekeza tuviache vita. Haikuwezekana, fomu iliuliza, na swali lilikuwa limepigiwa mstari. Nikapendekeza tuseme "watu wenye silaha". Mama prezida alitikisa kichwa: kila mwanamke angesikia moyoni mwake jina analolijua, na wangesimama vilevile. Nikasema basi turudi kwenye "wale", ingawa shingo upande. Akakataa hata hilo. Alisema "wale" la zamani lilikuwa limekufa Alhamisi. Neno lile lililowafunika wote nililifunua mimi, na sasa kila atakayelisikia atageuka kumwangalia jirani yake.

Koko alikuwa anaitazama diploma ukutani, kichwa upande, kama anayetazama kalenda ya mwaka uliopita.

"Ile neno ya siye," alisema, "Bazungu habana yo?"

"Wanalo, koko. Wanasema 'we'."

"Basi andika ile."

Nikamweleza kwa upole, na kwa dharau kidogo ambayo nadhani aliisikia. Nikamwambia "sisi" ni wanaosema, na wanaosema katika barua hii ni chama. Ukiandika "sisi tulichoma", unasema wauza unga walichoma nyumba. Mzungu atashangaa. Tena hao hao walichomewa. Mtu mmoja hawezi kuwa amekimbia moto na kuuwasha.

"Mutoto wangu alikuwa na kibiriti," alisema koko.

Jenereta lilikuwa linapiga kelele nje. Nilitamani lipige zaidi.

"Asubuhi ile nilimupikia. Alikula, alikunywa chai, akatoka na benzake. Niliona kibiriti, kubwa, ile ya jikoni yangu. Sikuuliza. Jioni tuliona moshi kule kwabo." Alimwelekezea mama prezida kidevu, bila kumwangalia. "Weye unataka niseme bale. Bale nani? Alikunywa chai yangu. Andika siye."

Mama prezida hakulia na hakumkumbatia. Watu wanaopenda kusimulia amani yetu kwenye semina wangependa amkumbatie. Aliufungua ukanda wa kitenge chake, akaufunga upya.

"Na siye tulilipiza," alisema mwishoni. "Kaka yangu. Kule mu njia ya Niania. Sitaki kusema." Kisha akaniambia, bila kubadili sauti, "Andika, Mwalimu."

Nikaandika. Tulichoma nyumba na nyumba zetu zikachomwa. Tulikimbia. Tulijificha msituni, tukarudi, tukakuta majani yamefika dirishani. Sasa tunauza unga kwenye kibanda kimoja na tunataka mashine moja. Ilikuwa mistari minne. Mkononi mwangu hakuna fungu lililowahi kutoka fupi hivyo, na mwalimu wangu wa Kampala angeandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba halieleweki.

Jumapili walikuja wakiwa na nguo za kanisani na wakakaa mikeka miwili. Hakuna aliyeniita Bwana Diplome. Nilisoma kwa Kiswahili tu, kwa sauti ya kawaida. La kwanza likapita, la pili likapita. Nikaanza la tatu.

Tulichoma nyumba na nyumba zetu zikachomwa.

Mama mmoja akasimama. Alikuwa mwembamba, wa upande wa mama prezida, na nyumba yake nilikuwa naijua kwa kuipita: kuta nne bila bati, mti wa mpapai umeota chumbani. Huyu hakuchoma kitu. Alikuwa na kila haki ya kusimama, na alisimama peke yake, mikono imekunjwa, anaangalia barabara.

Kwa sheria yao jambo lilikuwa limeisha. Mama prezida alifumba macho. Hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha wala kumvuta. Tukangoja, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuchukua beseni. Pikipiki ilipita, kisha nyingine. Mtoto alilia akanyamazishwa. Koko akainuka kutoka mkeka wake. Nilidhani naye anasimama kukataa maneno yake mwenyewe. Alivuka ule uwazi katikati, polepole, akaenda hadi mkeka wa mama mwembamba, akaketi chini pembeni ya miguu yake. Hakumgusa. Alikaa tu pale, kiasi kwamba yule mwingine asingeweza kutoka kwenye mkeka bila kumruka.

Wakabaki hivyo, mmoja juu, mmoja chini.

"Weye mama," hatimaye alisema mama mwembamba, na kwa kusema alikuwa amevunja sheria, "umekalia kitenge yangu."

"Basi ukae, nikuachie," alisema koko, na hakusogea.

Mama mwembamba akavuta kitenge. Hakikutoka. Akashuka. Sina neno lingine. Hakukaa kwa kukubali, wala hakukaa kwa kusamehe, alishuka hadi chini kwa sababu nguo yake ilikuwa huko. Lakini alikuwa chini, na hakuna aliyekuwa amesimama. Mama prezida akafumbua macho, akatazama huku na huku, akaniambia kwa haraka, "Imepita. Soma ya ine." Nikasoma la nne, nalo likapita.

Nilikuwa nimebeba kibweta cha wino. Walikuja mmoja mmoja. Mama mwembamba alikuwa wa mwisho kutia kidole, akakikandamiza sana hadi kikawa doa tupu, halafu akakifuta kwenye pembe ya karatasi.

Wiki tatu baadaye niliitwa na afisa wa lile shirika. Alikuwa kijana aliyezaliwa na Kiingereza kinywani, amevaa kandambili ofisini, na barua yetu ilikuwa mezani kwake. Kwenye fungu la tatu, kwa kalamu ya kijani, alikuwa ameizungushia duara kila "we". Pembeni aliandika "they", na alama ya kuuliza.

"Kosa dogo," aliniambia, akicheka vizuri. "Kiwakilishi. Watu wengi wa huku huchanganya. Nitabadilisha mwenyewe, usijali."

Sikufunzwa maisha yangu yote, na kuosha magari ya nusu ya Kampala, ili nije kufundishwa viwakilishi na mtu wa kandambili. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya nifungue mdomo, na sitaitafutia nguo nzuri zaidi.

"Hakuna kosa," nikasema.

"Lakini inasema hawa wanawake walichoma nyumba."

"Ndivyo inavyosema."

"Na kwamba nyumba zao zilichomwa."

"Ndivyo."

Akaisoma tena. Aliniuliza ni akina nani hasa hao "sisi". Nikamwonyesha vidole chini ya karatasi. Akauliza kama ni wote. Nikasema wote. Akasema makao makuu hawataelewa, wanahitaji kujua waliodhurika ni nani, kuna kisanduku cha kujaza. Akaishika ile kalamu ya kijani. Nikamwambia anaweza kubadilisha neno moja akitaka, karatasi ni yake. Lakini akibadilisha, itabidi niirudishe kibandani isomwe upya, na mimi ninayewajua namwambia haitapita, na hatapata kidole hata kimoja, na kisanduku chake atakijaza kwa majina ya nani?

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Katibu wake alichungulia mlangoni.

Kijana alinitazama, nadhani akitafuta kama nimelewa. Kisha akairudisha kalamu kwenye kikombe, akaandika kitu kifupi kwenye kisanduku, akaitia barua kwenye faili kama ilivyokuwa, na maduara yake ya kijani.

Mashine ilifika kiangazi kilichofuata, na kwa kuwa ilitolewa bure iliharibika mara nyingi kuliko ya kununua. Waliifunga katikati ya kibanda. Siku niliyopita kuiona, unga ulikuwa umetanda hewani, na koko na mama mwembamba walikuwa wanagombana kwa sauti ya kusikika hadi barabara kuu, nani alifika kwanza kwenye foleni.

"Weye! Beseni yako nilikuta haiko hapa!"

"Ilikuwa hapa! Weye ndiye umeisukuma, mwizi wa zamu!"

"Mwizi ni weye, na meno yako!"

Wanawake wengine walikuwa wanacheka na kuchukua upande, na pande hazikuwa zile nilizozitaja mimi. Mama prezida aliniona, akanipungia mkono mweupe kwa unga, akarudi kuwaamua. Nilisimama pale hadi beseni la kwanza likamwagwa kwenye mashine. Lilikuwa la mama mwembamba.